Shaba, Chuma na Baridi ya Rukwa

Reli ya tawi inayotoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na Waingereza kwa sababu ya madini ya risasi. Mawe ya Mpanda yalibeba pia shaba, fedha na dhahabu, na ingawa mgodi ule wa risasi ulifungwa zamani, wachimbaji wadogo wa mkoa huo wa Katavi bado wanashuka mashimoni. Jiwe likitoka huulizwa jambo moja: lina metali kiasi gani? Ni swali la haki, maana ndilo linalolipa karo za watoto. Fizikia huuliza jingine: atomu za metali hiyo zimepangwaje?

Chukua shaba na chuma, uongeze oksijeni. Vikijipanga kwa tabaka hupatikana delafosaiti, jiwe jeusi ambalo Charles Friedel alilieleza mwaka 1873 na kulipa jina la Mfaransa mwenzake, Gabriel Delafosse. Hutokea sehemu za juu za mashapo ya shaba, pale hewa na maji vilipokwisha kuyabadili mawe. Ndani yake tabaka za chuma zimetenganishwa na tabaka za shaba, na atomu za chuma zimekaa katika pembetatu zinazopakana, kila atomu ikiwa na majirani sita.

Kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo, na nguvu iliyo kati ya majirani huitaka kila sumaku ielekee kinyume cha mwenzake. Kwenye mraba hakuna shida: juu, chini, juu, chini, na mzunguko umefungika. Sasa chora pembetatu. Ya kwanza juu, ya pili chini. Ya tatu ikimridhisha jirani mmoja inamuudhi mwingine. Huo ndio mkwamo wa kijiometri. Hakuna atomu mbovu wala uchafu uliopenya. Umbo lenyewe limekataa.

Mwaka 1950 Gregory Wannier alionyesha kwa hesabu kwamba sumaku za pembetatu zisizojua ila juu na chini hazipati mpangilio mmoja hata kwenye sifuri halisi ya jotoridi, kwa kuwa mipangilio yenye nishati ileile ni mingi mno. Zinazogeuka kwa uhuru huafikiana kwa kupishana nyuzi 120. Mwaka 1973 Philip Anderson akaja na wazo la ujasiri zaidi: sumaku ndogo kuliko zote, zile za spini nusu, zingeweza kufungamana jozi kwa jozi, zikibadilishana wenza bila kukoma, kama kimiminika kisichoganda. Hesabu za baadaye zilionyesha kuwa pembetatu za kawaida huishia kwenye zile nyuzi 120, lakini kimiminika cha Anderson kinatafutwa hadi leo katika fuwele nyingine.

Delafosaiti ina njia yake. Nguvu kati ya atomu zake ingetosha kuzipanga kwenye Kelvini 90 hivi, lakini hakuna mpangilio hadi Kelvini 14. Kwenye Kelvini 11 zinashika safu ya mbili juu, mbili chini, na ili hilo liwezekane fuwele inajipinda, pande za pembetatu zikaacha kulingana. Jiwe linabadili umbo lake ili sumaku zake zipate pa kutulia. Kwangu hilo ni la thamani sawa na dhahabu yoyote iliyotoka Mpanda.

Kelvini 14 ni nyuzi 259 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo hutengenezwa kwa heliamu, ambayo huchemka kwenye Kelvini 4.2. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza heliamu nyingi katika bonde la Rukwa, ambalo ziwa lake Katavi inalishiriki na mikoa ya Rukwa na Songwe. Makadirio ya wakati ule yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Gesi hiyo huzalishwa na urani na thori zinapooza polepole ndani ya miamba mikongwe, kisha joto la volkano huifungua.

Heliamu ya Rukwa inapozungumziwa, hutajwa mashine za MRI na soko la nje. Yote mawili ni muhimu. Ningependa fungu dogo lifikie pia maabara za fizikia za Dar es Salaam na Arusha. Poda ya delafosaiti hupatikana kwa kuoka oksidi ya shaba na oksidi ya chuma karibu nyuzi 1000, ndani ya gesi isiyo na oksijeni. Mwanafunzi kutoka Mpanda anaweza kuioka. Kuishusha hadi Kelvini 11 na kuiona ikijipinda kunadai heliamu.