Chai Haina Kosa, Kosa ni Moto Wake

Kwanza ni tonge la ugali linalokwama kifuani, mtu akalisukuma kwa maji. Kisha nyama haishuki. Anahamia kwenye uji, na wengi hufika hospitalini wakati hata maji yanapita kwa shida.

Hiyo ndiyo saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Haikutapakaa Afrika sawasawa. Imeshika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ilhali Afrika Magharibi ni adimu. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, wametibiwa hata vijana wasiofikisha miaka 30.

Nchi za Magharibi, sigara na pombe ndizo zinazolaumiwa zaidi. Zinadhuru huku kwetu pia, lakini wapo wagonjwa wengi wasiowahi kuzigusa. Ndipo watafiti wakageukia kikombe cha chai. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Tatizo ni joto, si majani. Utando wa umio huungua, ukapona, kesho ukaungua tena, na kila unapojijenga upya seli zake zinaweza kukosea.

Sasa tazama upishi wenyewe. Uingereza wengi hutia maziwa baridi kikombeni, joto likashuka papo hapo. Nyanda za juu za Kenya na kule Kilimanjaro, maji, maziwa na majani huchemshwa pamoja sufuriani, chai ikahifadhiwa kwenye chupa isipoe, na baridi ya asubuhi humfanya mtu ainywe upesi. Wanywaji waliopimwa Kilimanjaro walianza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Moshi wa kuni jikoni na upungufu wa madini mwilini navyo vinachunguzwa, na sidhani kama ataonekana mkosaji mmoja tu. Ila hili la chai halihitaji fedha kulirekebisha.

Basi mimina chai, uiache ipoe mpaka uweze kuinywa bila kuipuliza. Watoto nao wasiharakishwe kuimaliza kabla ya kwenda shule. Na kama chakula kinakukwama, usimeze dawa za vidonda vya tumbo mwezi mzima ukisubiri nafuu: nenda hospitali mapema, uombe kupimwa umio kwa kamera.