Kwa Nini Nakala ya Muziki Haichakai

Kaseti iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine huongeza mvumo kila mara, hata sauti ya mwimbaji ikafifia. Kadi ya simu iingizwayo nyimbo kibandani, Mbekenyera wilayani Ruangwa, haina dosari hiyo. Sauti imekwisha kugeuzwa tarakimu (katika CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde), nazo tarakimu hunakiliwa bila kupungua.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, na COSOTA ilileta stika ya hakigramu. Lakini stika hulinda kasha tu. Wahandisi wakabuni kufuli la hesabu linalovuruga tarakimu. Hata hivyo wimbo sharti usikike, na kinachosikika chaweza kurekodiwa upya. Malipo hubaki kibandani, hayamfikii mwimbaji.