Majuu pia kuna dishi ya bure: Jinsi ya kumanga breko siku 10 Calgary bila kutoa hata ndururu

Kama una beshte Calgary, Kanada, muulize Julai huwa anakula nini asubuhi. Atakuambia pankeki. Na hajanunua.

Kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, jiji hilo la mkoa wa Alberta huvaa kofia na buti za kauboi kwa siku 10. Hiyo ndiyo Calgary Stampede, sherehe iliyoanza 1912. Kuna wasee wanapanda mafahali wakali, mbio za magari ya farasi, muziki na fataki usiku. Kuingia uwanjani unalipa, na dishi ya huko ndani si ya mtu amesota. Lakini nje ya geti, kwa mitaa, kuna sherehe nyingine haina tiketi: breko ya bure.

Ilianzaje?

Inasemekana ni 1923, wakati dereva mmoja wa mbio hizo, Jack Morton, alianza kupika pankeki nyuma ya gari lake la farasi na kugawia watu waliokuwa wakipita. Wengine wakaiga. Leo makanisa, maduka makubwa, kampuni, vikundi vya mtaa na hata wanasiasa wanapika.

Usitarajie chapo za maji kama za mathe. Hizi ni nene na laini, karibu keki, zinamwagiwa sirapu. Kando unapata soseji, kahawa au juisi, na mahali pengine maharagwe. Kama hauli nguruwe, uliza kwanza kuhusu hiyo soseji.

Kuna mbaazi pia

Hii ndiyo itakushangaza. Waislamu wa Ismailia huko Calgary nao huandaa breko yao ya Stampede, na pamoja na pankeki wanapakua kitu wanaita barazi. Isome tena polepole. Ni mbaazi! Zile zile za nazi unakula na mahamri pale Mombasa.

Si maajabu. Wengi wa jamii hiyo wana mizizi huku kwetu. Kuna waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972, na wengine walitoka Kenya na Tanzania. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni Mismailia, na wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania. Kwa hivyo ukiwa huko na umemiss nyumbani, jua mbaazi zilitangulia.

Rada ni hii

1. Angalia ratiba usiku. Orodha za breko za kesho huwa mtandaoni. Hakikisha ni ya kila mtu, maana kampuni zingine hualika wateja wao tu.

2. Amka mapema. Nyingi huanza asubuhi mapema na kufikia saa nne au saa tano wameshaosha sufuria. Ile ya Chinook Centre ni kubwa sana na foleni yake si mchezo. Kama hupendi kusimama, tafuta ya mtaa mdogo.

3. Beba sweta. Jiji liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hata Julai, asubuhi inaweza kukutetemesha.

4. Okoa nauli. Ukiwa katikati ya jiji, kuna sehemu ambapo treni ya C-Train unapanda bure.

5. Ukiona ndoo ya mchango na uko na kitu mfukoni, weka. Kama hauna, kula tu.

Na aibu je?

Hapa ndipo wasee wengi hukwama. Umetua majuzi, rent imemeza kila kitu, kazi bado. Unaona laini ya chakula cha bure unajiambia, "Watu watanionaje?" Halafu unarudi kejani na njaa.

Manze, hakuna mtu anakuangalia. Kwa hiyo laini kuna wakili, mama na watoto wake, na mlinzi ametoka shifti ya usiku. Wote wameshika sahani ya karatasi. Si msaada wa maskini, ni sherehe, na kukuja kwako ndiko kunaifanya iwe sherehe.

Halafu angalia nani anapakua. Mara nyingi ni bosi wa kampuni amevaa aproni, ama mheshimiwa anatafuta kura. Huyo mheshimiwa unamjua, hata kwetu wako. Kula pankeki yake na kura ubaki nayo. Lakini huyo bosi, msalimie. Mwambie jina lako na kazi unajua kufanya. Siku ya kawaida ungemaliza miezi ukijaribu kufika kwa ofisi yake, na leo amesimama mbele yako na kijiko.

Hakuna mtu anakuahidi kazi. Lakini mgeni kwa jiji kubwa hukaa wiki nzima bila kuongea na mtu, na hiyo upweke huuma kuliko njaa. Siku 10 zikiisha, angalau kuna mtu mmoja anajua jina lako.

Una beshte Calgary? Mtumie hii kabla Julai ifike.