Gogo Moja, Masela Kibao
Kabla hujaanza kupiga picha na ufukwe wa Msimbati, cheki kwanza kinyago cha Ujamaa. Kile kirefu, watu wamepandana toka chini mpaka juu, bibi, watoto, mwenye jembe, mwenye mtungi, kila mtu kamshika mwenzie. Wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo, hakuna gundi wala msumari. Anayetajwa kuuleta mtindo huo ni mzee Yakobo Sangwani, Mmakonde wa Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1950. Azimio la Arusha lenyewe limekuja 1967! Wamakonde walishachonga kitambo.

Noma ni kwamba mpingo hauna haraka. Unakula miaka 70 na ushee ndo uvunwe, yaani ukiupanda leo unamchongea mjukuu. Majirani zetu wa Kilwa wamesanuka: 2009 misitu yao ya vijiji ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, kijiji kinauza mpingo wake chenyewe na mkwanja unabaki kijijini. Huo ndo mchongo wa maana, na Mtwara tunautaka kinoma.

Maskani yetu nayo ni gogo moja. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu 2000, na wanavijiji wanaishi humohumo ndani. Mvuvi, mama anayesaka pweza maji yakitoka, kasa, mikoko, mtalii, wote wamebanana hapo. Mmoja akizingua, akakata mikoko hovyo au akatupa nyavu mbovu baharini, samaki wanakosa pa kuzalia na mboga inakata kwa kila mtu.

Ndo maana nawakubali wanaotumia tena badala ya kutupa, kama Mikindani. Boma la Mjerumani la 1895 lilikuwa gofu, likakarabatiwa, likawa hoteli, kuta zilezile. Lamu nako 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wakashusha Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, mwili mzima umevikwa ndala kama 30,000. 2019 likasafiri mpaka Zanzibar.

Sasa sisi tuna mikono iliyozaliwa na patasi. Mbao za mitumbwi iliyokufa zipo, ndala na kamba zinaletwa na maji bure kabisa. Wachongaji wazee wakae na madogo, watoe kinyago cha Ujamaa cha takataka, kirefu kuliko mtu, chenye benchi chini la kukalia. Cha kwanza kisimame kwenye kivuko cha Msangamkuu, pale kila mtu anaposubiri zamu yake.