Nyonga Iliyovunjika Haichuliwi

Swali huja kwa simu, huja barazani, huja hata tukitoka msikitini: "Mama alianguka ngazini wiki iliyopita na hawezi kusimama. Tumchue kwa mafuta gani?" Nimelisikia kutoka Mkomani, Shela na Faza, na jibu langu halibadiliki. Msimchue kwa mafuta yoyote. Si ya uta, si ya nazi, si ya nyonyo, wala ya mzeituni yaliyoletwa na aliyerudi Umra. La kuuliza ni hili: amepigwa eksirei?

Mzee aliyeanguka akashindwa kuukanyagia mguu amevunjika nyonga mpaka picha iseme vingine. Tazameni miguu yake akiwa amelala. Mara nyingi ule ulioumia huonekana mfupi, na wayo umegeukia nje. Maumivu huwa kinenani, lakini wengine huyasikia gotini tu, basi familia hukaa siku tatu ikilichua goti ambalo halina lolote.

Nikisema hayo, huambiwa: "Ametenguka tu, mchuaji atamrudisha." Hapana. Nyonga ambayo haikuwa na kasoro haitenguki kwa kuteleza chooni. Kuitoa mahali pake kwahitaji nguvu kubwa, kama ya kugongwa na gari. Kinachotokea kwa mzee ni kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, mara nyingi kwenye shingo yake, kwa sababu umepungua uzito na ugumu kwa miaka mingi. Mfupa huo umefunikwa na misuli minene. Hakuna kidole kinachoufikia, sembuse kuupanga. Mlingoti uliovunjika hauungwi kwa kupakwa mafuta ya sifa.

Na kuchua hakuishii kwenye kutofaa. Mishipa ya damu inayokilisha kichwa cha mfupa hupanda kwa kuipita shingo hiyo. Wakati mwingine mfupa hupasuka bila kuachana, na mzee huweza hata kupiga hatua mbili tatu. Huyo ndiye mwenye bahati: skrubu chache huweza kumtosha. Akivutwa mguu, akizungushwa paja, akilazimishwa kusimama "damu itembee", vipande huachana, mishipa hukatika na kichwa cha mfupa huweza kufa. Hapo aliyehitaji skrubu sasa ahitaji nyonga ya bandia.

"Lakini fulani alichuliwa akapona." Fulani alikuwa na miaka 20 na misuli iliyovutika, ambayo ingepona yenyewe, na sifa akapewa aliyekuwa amemshika mguu. Wachuaji wetu ni watu wema. Kwa mgongo uliokakamaa na kwa mama aliyejifungua, mkono wao nauheshimu. Kwa nyonga ya mzee, mchuaji mwaminifu husema: hili si langu, mpelekeni hospitali.

Kinachoua si mfupa, ni kitanda. Mzee asiyeweza kugeuka hupata vidonda vya kulalia katika siku chache, mapafu hujaa makohozi ikaingia nimonia, na damu huganda miguuni. Hata katika nchi tajiri, takriban mmoja kati ya wazee wanne au watano waliovunjika nyonga hafikishi mwaka. Ndiyo maana madaktari hulenga kupasua ndani ya siku mbili na kumsimamisha mgonjwa siku inayofuata. Wiki moja ya kuchua imekula muda huo wote.

Basi fanyeni hivi. Mzee asisimamishwe, asibebwe mgongoni, asipandishwe punda. Mto katikati ya miguu, miguu yote miwili ifungwe pamoja kwa leso, abebwe amelala juu ya ubao au machela, na kwenye boti alazwe chini, asikalishwe ubaoni. Panadol yafaa kwa maumivu. Mnaotoka Pate au Siyu, mpigieni nahodha mapema, maana maji yakipwa vyombo hukwama kwenye mkondo wa Mkanda. Mfikisheni hospitali ya King Fahd. Mkielekezwa Mombasa, nendeni siku hiyohiyo. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mokowe, msiziongezee siku za kikao cha ukoo. Usajili wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ukamilisheni mzee akiwa mzima.

Kwa ambaye hajaanguka: nyumba zetu za mawe zina ngazi kali na vidato visivyolingana, basi wekeni kishikio pande zote mbili, au mhamishieni chumba cha chini. Taa iwake usiku kucha kutoka kitandani hadi chooni. Kishikio ukutani karibu na choo na birika. Sakafu ikaushwe. Mitalawanda itolewe, avae viatu vya mpira vyenye kisigino cha kushika. Kitanda kirefu kikatwe miguu. Mtoto wa jicho atolewe. Dawa za presha na za usingizi zikaguliwe na daktari, hasa akiamka na kizunguzungu. Ale samaki, maharagwe, maziwa. Aote jua uani. Na msimwambie "kaa upumzike" kutwa nzima. Ainuke kitini bila kujishika, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, akiwa na mtu kando yake, kwani mapaja yenye nguvu ndiyo yanayomzuia kuanguka.

Nanyi mlio Mombasa, Muscat na Jeddah, msitume chupa za mafuta. Tumeni ujira wa fundi, aje wiki hii atie vishikio.