Kelele Zenye Mpango: Albamu ya Public Enemy Iliyoitikisa Hip-hop

Mwaka 1988 kundi la Public Enemy la New York lilitoa albamu yake ya pili, It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back. Wengi wanaoisifu huanza na mashairi yake: ubaguzi, magereza, dawa za kulevya, upotoshaji wa vyombo vya habari. Wana haki, ila mashairi ya namna hiyo rap ilikuwa nayo tayari; kibao The Message cha Grandmaster Flash and the Furious Five kilitoka mwaka 1982. Upya wa Public Enemy ulikuwa kwenye mlio. Waliitia siasa ndani ya biti, hata msikilizaji asiyejua Kiingereza akahisi kwamba mahali fulani mambo yameharibika.

Kiini cha kundi kilitoka Long Island, mashariki mwa jiji, katika mazingira ya Chuo Kikuu cha Adelphi na redio yake, WBAU. Chuck D, rapa mkuu wa kundi, alisomea usanifu wa michoro. Yeye na wenzake walikua wakati harakati za haki za watu weusi zikipamba moto, kisha wakaingia utu uzima chini ya Rais Ronald Reagan, wakati crack, kokeini ya kuvuta, ikiteketeza mitaa. Sheria ya mwaka 1986 iliweka kifungo cha chini cha miaka 5 kwa anayefanya biashara ya gramu 5 za crack. Muuzaji wa kokeini ya unga alihitaji gramu 500 ili apate adhabu hiyohiyo. Waliofungwa kwa crack, wengi wao walikuwa weusi.

Hasira hiyo ilikabidhiwa maprodyuza walioitwa Bomb Squad: Hank Shocklee, ndugu yake Keith, Eric Sadler na Chuck D mwenyewe. Miongoni mwa zana zao ilikuwamo SP-1200, mashine ya kunasa vipande vya sauti kutoka kwenye santuri. Kumbukumbu yake yote ilibeba sekunde 10 hivi tu. Watumiaji wa mashine hiyo walikuwa na ujanja wao: santuri ya kasi ya 33 inachezwa kwa kasi ya 45, kipande kinanaswa kikiwa kifupi, halafu kinapunguzwa kasi humo humo mashineni. Nafasi inaokolewa, lakini sauti inatoka na mikwaruzo. Prodyuza mwingine angeisafisha. Bomb Squad waliitaka mikwaruzo hiyo, wakarundika kipande juu ya kipande hadi sikio likose pa kupumzikia.

Sikiliza Rebel Without a Pause. Ule mlio mkali unaopanda kama filimbi ya birika linalochemka ni saksafoni ya mwanzo wa The Grunt, wimbo wa mwaka 1970 wa The J.B.'s, bendi iliyompigia James Brown. Katika wimbo wa asili mlio huo unapita upesi, bendi inashika mwendo, watu wanacheza. Public Enemy waliukata na kuuzungusha tena na tena. Unapanda, unakatika, unapanda upya, na ile raha ya kuachia unayoisubiri hawakupi. Hapo Chuck D anatamka maneno, lakini mwili wako umeshaelewa hali ya mtu anayeishi kwa wasiwasi kila siku.

Katika Black Steel in the Hour of Chaos, kibao kinachosimulia kisa cha mfungwa aliyekataa kuandikishwa jeshini na kisha kupanga kutoroka, walichukua kinanda cha Isaac Hayes cha mwaka 1969, wakakigeuza kuwa mwendo mzito wa korido za gereza. Bring the Noise inafunguka kwa sauti ya mwanaharakati Malcolm X. Mpangilio huo ulikuwa somo la historia: kijana aliyevutwa na mdundo alijikuta akiuliza yule anayehutubia ni nani.

Albamu ina madoa yake pia. She Watch Channel Zero?! inawabeza wanawake kwa kupenda televisheni, na mwaka 1989 Professor Griff, mmoja wa wanakundi, alitoa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi zilizolitia kundi zima msukosuko. Waliojua kuutaja ubaguzi waliofanyiwa walishindwa kuuona wa kwao.

Warithi wa albamu hiyo hawakubaki ndani ya hip-hop. Anthrax, bendi ya rock, ilirudia Bring the Noise pamoja na Public Enemy mwaka 1991; Tricky wa Bristol, Uingereza, akaigeuza Black Steel mwaka 1995. Jarida la Rolling Stone liliiweka albamu hiyo nafasi ya 15 katika orodha yake ya albamu bora 500 ya mwaka 2020.

Hata hivyo, ufundi wenyewe ulifungiwa njia. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei, na albamu yenye vipande vingi namna ile ikawa mzigo ambao kampuni nyingi hazikutaka kuubeba. Wenye hakimiliki walilindwa. Clyde Stubblefield, aliyepiga ngoma za Funky Drummer ya James Brown zinazosikika kwenye Rebel Without a Pause na nyimbo nyingine nyingi za hip-hop, hakutambuliwa kuwa mtunzi, na vipande hivyo havikumtajirisha. Rapa Kendrick Lamar alipotaka msongamano wa sauti wa aina hiyo katika albamu yake To Pimp a Butterfly, mwaka 2015, alitegemea sana wapigaji ala wa jazi kama Kamasi Washington na Thundercat.

Wapo wanaosema Nation of Millions ni kumbukumbu ya enzi za Reagan. Wangeitazama ile sheria ya gramu. Bunge la Marekani liliirekebisha mwaka 2010: uwiano ukashuka kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1. Usawa bado.