Mwangwi Tumboni mwa Mnyama

Katika Mwembesongo, mtaa wa Morogoro ambao hata jina lake limebeba mwembe, mbwa aghlabu hafugwi kwa anasa bali kwa ulinzi: mchana hulala kivulini, usiku huzunguka ua, na riziki yake ni ugali na makombo ya dagaa. Siku mbwa jike wa nyumba fulani atakapoususia ugali, akawa kazi yake ni kunywa maji na kujilaza kando ya ukuta, watu watasema amelishwa sumu, au joto limemzidi. Naye, kwa kuwa hakujaliwa ulimi wa kueleza panapomuuma, hunyamaza. Ukimya huo ndio mtihani mkubwa wa tabibu wa wanyama, na hakuna chombo kilichoupunguza ukali wake, bila ya kumpasua mnyama wala kumtia uchungu, kama mashine ya altrasaundi ambayo mama zetu wameizoea katika kliniki za wajawazito.

Asili ya chombo hiki ni fuwele. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walibainisha kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme, na muda si mrefu ikadhihirika kwamba kinyume chake ni kweli pia: zikipewa umeme hutetemeka na kutoa sauti. Sauti ya mashine ya leo hutetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukoma kwenye elfu ishirini hivi na la mbwa kwenye elfu arubaini na kitu. Kwa hiyo hata mbwa mwenyewe, anayesikia nyayo za mwizi kabla yetu, haisikii. Sauti hiyo hupenya mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapokuta mpaka baina ya kiungo na kiungo sehemu yake hurudi, kama vile milima ya Uluguru inavyomrudishia mtu ukelele wake. Mashine hupima muda wa kurudi kwake na kuuchora mwangwi ule kwenye kioo. Maji, mkojo na damu huonekana vyeusi, nyama huwa ya kijivu, na jiwe au mfupa hung'aa kwa weupe ukaacha kivuli nyuma yake. Hewa ndiyo adui, na ndiyo maana tumbo la mbwa hunyolewa manyoya na kupakwa jeli, ili pasibaki hata kiputo kati ya ngozi na chombo.

Turudi kwa yule mbwa wetu. Majike wengi wa mitaani hawajapata kufungwa kizazi, na wiki chache baada ya kipindi cha kutafutwa na madume, homoni iliyouandaa mji wa mimba kupokea watoto huweza kuuandaa vilevile kupokea vijidudu. Hapo huzuka piometra, yaani kizazi kujaa usaha. Lau mlango wa kizazi ungekuwa wazi, uchafu ungetoka na mwenye mbwa angeshtuka mapema; illa ukiwa umefungwa, hakuna kinachoonekana nje, na sumu huingia katika damu siku baada ya siku. Mlaze mbwa huyo chali, mmoja wa nyumbani akimshika kichwa na kumwita jina lake polepole, kisha daktari atembeze chombo chini ya kitovu: karibu na kibofu zitatokea pembe mbili za kizazi, nene kama mipira ya maji iliyojikunja, nyeusi ndani au zenye chembe za kijivu zinazoelea taratibu. Aonapo hayo, maadamu mgonjwa anaweza kuhimili, humtia maji ya mshipa na dawa za kuua vijidudu, kisha hufanya upasuaji wa kukiondoa kizazi kizima. Kucheleweshwa humaanisha kifo.

Kwa paka chombo hiki hufichua jambo jingine la kuhuzunisha. Paka aliyelala mzima huamka akipiga kelele, miguu ya nyuma imepooza, nyayo zake baridi, na majirani huapa kwamba amepigwa na mtu. Ukimpima kifuani, huenda ukaukuta ukuta wa moyo wake umenenepa kupita milimita sita, chumba cha juu kimetanuka, na damu iliyoganda humo imechomoka na kuziba mshipa mkuu unaopeleka uhai miguuni. Hakuna aliyempiga.

Hata hivyo, mashine si kadhi wa mwisho. Mbwa mwenye homa ya kupe huonyesha wengu lililovimba, lakini kimelea chenyewe hakionekani kwa sauti. Hutafutwa kwa darubini katika tone la damu, pengine lililochukuliwa sikioni. Madaktari wanaosomea kazi hii katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima hiyo ya Uluguru, hawana budi kujifunza kuuliza kama wanavyojifunza kutazama. Maana ile pembe nyeusi ya kizazi yaweza kuwa usaha, na yaweza pia kuwa mimba changa, kwani mapigo ya moyo wa vitoto huonekana vyema kuanzia kama siku ya ishirini na tano hivi. Na wa kumsaidia tabibu hapo ni mwenye mbwa, akikumbuka ni siku gani madume walijazana langoni pake. Nyumba yenye busara huiandika tarehe hiyo, hata kama ni kwa mkaa nyuma ya mlango.